Mwongozo Kamili wa Kubuni Nyumba ya Pwani Inayotumia Umeme Kidogo kwa Kufuata Kanuni za Nyumba za Mawe za Waswahili

Anayeingia katika Nyumba ya Kiswahili ya makumbusho mjini Lamu saa nane mchana, mwezi wa Februari, hupita kwanza katika daka (ukumbi wa mlangoni), akapinda kuingia tekani (nafasi ndogo iliyo ndani ya mlango), na anapofika kiwandani (ua wa wazi ulio ndani ya nyumba) jasho la njiani huwa limeanza kukauka. Nyumba hiyo ni ya karne ya 18, na walioijenga hawakuwa na mashine yoyote ya kupoza hewa.

Wengi wanaojenga leo kati ya Lamu na Mtwara wanapotaka nyumba yenye asili ya Kiswahili huanza na mlango wa kuchonga, matao na zidaka (vishubaka vya ukutani). Vitu hivyo ni vizuri, nami navipenda, lakini hakuna hata kimoja kinachopunguza joto. Kilichoipoza nyumba ya mawe ni mpangilio wake: kivuli kiangukie wapi, upepo uingilie wapi na utokee wapi, ukuta mzito ukae chumba gani, na moto wa jikoni uwe mbali kiasi gani na wanaolala. Mwongozo huu unashika mpangilio huo kwa utaratibu usiobadilika, yaani kivuli kwanza, upepo wa pili, uzito wa kuta wa tatu, na mashine mwisho kabisa. Anayenunua viyoyozi kabla ya kupima upenu wa paa lake (sehemu inayotokeza nje ya ukuta) atalipia kwa umeme, kwa miaka yote atakayoishi humo, kosa lililofanyika kwenye karatasi.

Vipimo nitakavyotoa ni vya kiwanja cha mita 20 kwa 30 kilichopo Bagamoyo, ambacho urefu wake umelala kutoka mashariki hadi magharibi. Vinafaa pia kwa Dar es Salaam na Unguja, ambazo zipo karibu na latitudo hiyo hiyo, na pale ambapo Mombasa na Lamu zinatofautiana nitataja tofauti hiyo.

Hatua ya 1: Kisome kiwanja kabla ya kuchora

Kabla mchoraji hajagusa karatasi, nenda kiwanjani asubuhi na mapema, saa sita mchana na saa kumi alasiri, na ukiweza urudi tena msimu ukibadilika. Simika mti ulionyooka wenye urefu wa mita moja na uweke alama kwenye ncha ya kivuli chake kila baada ya saa moja. Jioni utakuwa na ramani ya jua ya kiwanja chako hasa, ikionyesha pia kivuli cha ghorofa la jirani na cha mwembe uliopo mpakani, mambo ambayo hayamo katika jedwali lolote la wataalamu. Kisha funga vitambaa vyepesi kwenye vijiti vyenye kimo cha mtu, katika pembe nne za kiwanja na katikati, ili uone upepo unavyopita chini, mahali watu watakapokaa, kwa kuwa upepo wa juu ya miti huweza kuwa na mwelekeo mwingine kabisa.

Pwani yetu ina bahati ya kuwa na pepo zinazojulikana kwa majina na kwa miezi. Kaskazi huvuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi ukitokea kaskazini mashariki, na huo ndio msimu wa joto kali. Kusi huvuma takribani kuanzia Aprili hadi Septemba ukitokea kusini na kusini mashariki, nao huja na mvua za masika mwanzoni mwake. Juu ya hizo kuna upepo wa bahari unaoingia mchana jua linapoipasha nchi kavu, na umande, upepo mwepesi unaotoka bara kwenda baharini usiku wa manane hadi alfajiri. Waulize wavuvi na wazee wa mtaa huo pepo hizi zinafika kwa namna gani mahali hapo, kwa sababu kilima kidogo au safu ya majengo huweza kuzipinda.

Ikiwa kiwanja kipo ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, au katika mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, anza na mamlaka ya hifadhi kabla ya kulipia ramani yoyote, kwani kimo, paa, madirisha na vifaa vya kuta vina masharti yake.

Hatua ya 2: Elekeza nyumba na upange vyumba

Jua la asubuhi na la jioni huwa chini, na miale yake hupenya chini ya upenu wa aina yoyote. Kwa hiyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi ndizo zitazame mashariki na magharibi. Hapa jua na upepo vinakubaliana, jambo ambalo si la kawaida kila mahali duniani: kaskazi na kusi zote mbili huzipiga kuta ndefu kwa mshazari, na upepo unaokuja kwa mshazari wa hadi nyuzi 45 bado huingia ndani vizuri.

Nyumba yenyewe iwe nyembamba. Katika nyumba za mawe upana wa chumba uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo huwezi kuzipitisha sana mita 2.5 hadi 3 bila nguzo, na kwa sababu hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, kila kimoja kikiwa karibu na uwazi wa kiwanda. Leo mbao na zege zinaruhusu chumba cha upana wowote, nasi tumeitumia ruhusa hiyo kujenga nyumba pana zenye vyumba vya katikati ambavyo upepo hauvifikii kamwe. Napendekeza mabawa mawili, kila moja likiwa na upana usiozidi mita 4.5, yaliyotenganishwa na kiwanda cha mita 4 kwa 6. Nyumba ya jumla ya mita 16 kwa 13 itakaa vizuri katika kiwanja chetu, na pande za kaskazini na kusini zitabaki mita tatu na nusu kila upande kwa ajili ya upenu, baraza na miti.

Sasa weka vyumba. Upande wa magharibi ndio mbaya kuliko pande zote, kwa kuwa ukuta wake hupigwa na jua wakati hewa yenyewe imekwisha kupata joto. Uufanye ngao: weka huko jiko, stoo, bafu, choo na ngazi. Mpangilio huo una faida ya pili. Kaskazi, kusi na upepo wa bahari zote zina asili ya mashariki, kwa hiyo moshi, harufu na joto la jiko vitasukumwa nje ya nyumba badala ya kuingizwa vyumbani. Katika nyumba za Lamu jiko liliwekwa juu kabisa, katika kidari cha meko, na joto lake likapaa moja kwa moja kwenda nje. Anayejenga nyumba isiyo na ghorofa anaweza kulifuata wazo hilo kwa kulitenganisha jiko na nyumba kwa njia ndogo yenye paa, hasa ikiwa kwake bado panapikwa kwa mkaa.

Vyumba vya kulala vikae mashariki, ambako ukuta hupata jua la asubuhi na kupoa kabla ya watu kwenda kulala. Chumba kinachokaliwa zaidi wakati wa joto kikae katika bawa la kaskazini, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Kuanzia takribani katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri kwetu huwa upande wa kusini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini huwa kivulini mchana kutwa, na ni ukuta huo huo unaopokea kaskazi. Hakuna mahali pengine katika nyumba panapopata kivuli na upepo kwa pamoja katika miezi hiyo. Misana (vyumba virefu vilivyo wazi kuelekea kiwanda) ya nyumba nyingi za Lamu hutazama kaskazini kwa kuwa huko ndiko kwenye kibla, na waliokaa humo wakapata faida hiyo pia.

Hatua ya 3: Pima kivuli kwa hesabu

Kazi hii ina manufaa makubwa kwa gharama ndogo, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Tarehe 21 Juni, saa sita mchana, jua la Bagamoyo huwa takribani nyuzi 30 kaskazini mwa utosi (yaani kutoka juu kabisa ya kichwa), na tarehe 21 Desemba huwa takribani nyuzi 17 kusini mwa utosi. Pima kimo kutoka ukingo wa upenu hadi chini ya dirisha. Kwa ukuta wa kaskazini zidisha kimo hicho kwa 0.58, na kwa ukuta wa kusini zidisha kwa 0.31. Ikiwa kimo ni mita 1.8, upenu wa kaskazini utahitaji mita 1.04 na wa kusini mita 0.56. Mjini Mombasa tumia 0.52 kwa kaskazini na 0.35 kwa kusini, na mjini Lamu, iliyo karibu zaidi na ikweta, tumia 0.48 na 0.39.

Hesabu hiyo ni ya jua peke yake, wakati upenu wa kusini una kazi nyingine. Mvua za masika huja na kusi, zikisukumwa kwa mshazari hadi ukutani, na nyumba yenye upenu wa nusu mita upande huo italazimika kufunga madirisha yake katika siku ambazo unyevu ndani ni mwingi kuliko wakati wote. Kwa hiyo upenu wa kusini nao usipungue mita moja. Katika saa za mwanzo na za mwisho za mchana jua bado litapenya kidogo kutoka ubavuni, na dawa yake ni kuliweka dirisha ndani kabisa ya unene wa ukuta, kama yalivyowekwa madirisha ya nyumba za mawe, ili ukuta wenyewe ulikinge.

Kwa kuta za mashariki na magharibi upenu hautoshi hata ukiwa wa mita mbili. Huko punguza madirisha, na yale ya lazima uyawekee vibao vya luva vya mbao (vibao vya mshazari vinavyozuia jua na kupitisha hewa) au ukuta wa tofali zenye matundu uliosimama mbele yake kwa umbali wa nusu mita. Veranda pana ni bora zaidi. Beit al Ajaib ya Unguja, kasri iliyojengwa mwaka 1883, ilizungushiwa veranda katika kila ghorofa, na kuta zake zikakaa kivulini. Baraza la mbele ya nyumba ya Kiswahili nalo hufanya kazi hiyo hiyo, mbali na kuwa mahali pa kupokea wageni na kunywa kahawa, na kwa maoni yangu fedha za baraza lenye paa ni za kulindwa hata ikibidi kupunguza sebule.

Miti ipandwe siku ambayo msingi unachimbwa, kwa kuwa ndiyo itakayochelewa kukamilika. Magharibi panda mwarobaini au mwembe, umbali wa angalau mita tano kutoka msingi. Mashariki panataka mti usiozuia upepo, na mnazi unafaa sana kwa kuwa majani yake yapo juu na hewa hupita chini yake, ila upandwe mbali na njia ya watu na mbali na paa. Kiwandani panda mdimu, mkomamanga au asumini. Kiwanda kisicho na mti wala kivuli, katika latitudo yetu ambapo jua hupita karibu na utosi, hugeuka kikaango saa sita mchana, na sakafu yake ya saruji hutoa joto hadi usiku.

Hatua ya 4: Shughulikia paa kama adui wa kwanza

Neno sakafu lina asili ya Kiarabu lenye maana ya paa, na katika nyumba za mawe paa la bapa na sakafu ya ghorofani vilijengwa kwa namna moja: boriti, vipande vya mawe juu yake, kisha chokaa iliyopondwa kwa muda mrefu hadi ikashikana. Paa hilo zito lilichelewesha joto, lakini lilivuja, na baadaye nyumba nyingi ziliongezewa paa la makuti au la bati juu ya lile la bapa. Matokeo yake yakawa paa mbili zenye hewa katikati, na kanuni hiyo ndiyo ninayoitaka hapa: paa la juu lipokee jua, hewa iliyo katikati ibebe joto, na dari lililo chini lisiguswe na chochote kati ya hivyo.

Kwa nyumba yetu tumia bati jeupe au lililopakwa rangi nyeupe, aina yenye mchanganyiko wa alumini na zinki kwa sababu ya chumvi ya bahari. Bati jekundu au la kijani iliyokoza hufyonza sehemu kubwa ya jua, nami nasikitika kuona mitaa mizima ikiezekwa kwa rangi hizo kwa ajili ya sura tu. Chini ya bati tandaza karatasi ya alumini, uso wake unaong'aa ukitazama chini kwenye nafasi ya hewa isiyopungua sentimita mbili na nusu, kwa kuwa uso huo hautoi joto kwa urahisi. Acha matundu yenye wavu chini ya upenu pande zote mbili, na matundu mengine juu kabisa kwenye mgongo wa paa au kwenye pembetatu za ubavuni, ili hewa ya moto ipande na kutoka. Dari lililozibwa pande zote, kama linavyojengwa mara nyingi, huhifadhi hewa ya moto juu ya vichwa vya watu hadi usiku.

Makuti bado ni paa bora kwa joto, mradi mwinamo uwe mkali, nyuzi 40 hadi 45, maji yasipate muda wa kulowesha. Hata hivyo moto wake ni hatari ya kweli katika mitaa iliyosongamana, na maji yanayotoka humo hayafai kukingwa kwa matumizi ya nyumbani. Nayapendekeza kwa baraza lililo mbali na jiko na mbali na jirani.

Hatua ya 5: Utengenezee upepo njia

Katika joto lenye unyevu mwili hupozwa kwa jasho kukauka, na jasho hukauka hewa ikitembea. Hewa inayopita kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde hufanya mtu ajisikie kana kwamba joto limepungua kwa nyuzi mbili au tatu, ingawa kipimajoto hakijabadilika. Kila chumba kwa hiyo kiwe na uwazi katika kuta mbili zinazotazamana, mmoja nje na mwingine kiwandani. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, tuliyoizoea Dar es Salaam na Tanga, ina ukumbi unaotoka barazani moja kwa moja hadi uani, na milango yote miwili ikiwa wazi ukumbi huo huvuta hewa kwa nguvu. Kasoro yake ni kwamba milango ya vyumba ikifungwa kwa ajili ya staha, upepo huishia ukumbini. Weka basi uwazi wa luva juu ya kila mlango wa ndani, kati ya kizingiti cha juu na dari, ambao hewa itapita bila mtu kuonekana.

Dirisha la kuingizia hewa lianze chini, sentimita 50 hadi 60 kutoka sakafuni, ili upepo umfikie aliyelala kitandani na aliyekaa mkekani, na la kutolea liwe juu na liwe na ukubwa sawa au zaidi. Kumbuka pia wavu wa mbu, ambao ni lazima kwetu: wavu wenye matundu madogo huweza kupunguza upepo hadi karibu nusu yake. Jibu ni kuongeza ukubwa wa dirisha au, bora zaidi, kuuweka wavu kwenye veranda nzima, kwani eneo lake ni kubwa mara nyingi kuliko dirisha na hewa hupita humo polepole bila kuzuiwa sana. Vioo vya kusukuma pembeni huacha nusu tu ya dirisha wazi, kwa hiyo tumia luva au mbao za kufungua nje zenye vibao vilivyolala.

Kabla ya kumwaga msingi, tengeneza mfano wa nyumba kwa maboksi, kwa kipimo cha 1 kwa 50, uupeleke kiwanjani na kuuweka juani kwa mwelekeo wake halisi. Utaona kwa macho ni dirisha gani linapigwa na jua saa tisa alasiri. Na katika nyumba iliyokwisha kujengwa, choma udi katikati ya chumba na uufuate moshi: pale unapozunguka bila kutoka, ndipo panapohitaji tundu.

Hatua ya 6: Weka ukuta mzito mahali pake

Hapa ndipo wapenzi wa nyumba za mawe, nikiwemo mimi, tunapokosea mara nyingi. Ukuta wa matumbawe na chokaa wenye unene wa karibu nusu mita hupokea joto la mchana na kulifikisha ndani baada ya muda wa saa kumi hivi. Katika nchi za jangwa, ambako usiku ni baridi, joto hilo huwa neema. Pwani yetu wakati wa kaskazi tofauti kati ya mchana na usiku haizidi sana nyuzi 7 au 8, na ukuta mzito uliopigwa na jua mchana utakuwa unatoa joto usiku, wakati watu wanataka kulala. Kwa hiyo ukuta mzito ufanye kazi katika vyumba vya mchana, chini, na uwe kivulini muda wote. Vyumba vya kulala, hasa vikiwa ghorofani, viwe na kuta nyembamba, madirisha mapana na vibao vya luva, kwani vinatakiwa vipoe upesi mara jua linapozama.

Kuhusu vifaa, tusirudie kila walichofanya wazee. Matumbawe hai hayafai kung'olewa baharini, na nchini Tanzania mikoko yote ya pwani ni misitu ya hifadhi. Kwa mawe, tumia yale yanayochimbwa nchi kavu pale yanapopatikana kihalali, kama katika machimbo ya Kilifi. Mahali pengine tumia matofali ya kufungamana ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji kidogo. Hayachomwi kwa kuni, na hutumia udongo wa machimbo ya jirani.

Udongo huo upimwe. Chota ule wa chini ya tabaka lenye mizizi, uloweshe, uujaze katika kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa 4 na kina cha 4, kisha ukauke kivulini kwa takribani wiki moja. Ukisinyaa chini ya milimita 13 hivi, changanya saruji ndoo 1 kwa udongo ndoo 18. Ukisinyaa milimita 13 hadi 25, tumia ndoo 16 za udongo, na kati ya 25 na 38 tumia 14. Ukizidi hapo una mfinyanzi mwingi, na ni vyema kuuongezea mchanga. Matofali yamwagiliwe maji na kufunikwa kivulini kwa siku saba, kisha yakae hadi yatimize siku 28 kabla ya kujengea.

Kuta za mawe zipigwe lipu ya chokaa. Katika nyumba ya zamani niliyosaidia kuikarabati tulitumia lipu ya saruji kwa sababu fundi aliizoea nami sikujua kumkatalia, na kabla ya mwaka wa pili kwisha chumvi ilikuwa imeisukuma lipu hadi ikabanduka kwa mapande. Saruji huziba, na unyevu uliomo ukutani, pamoja na chumvi yake, hukosa pa kutokea. Chokaa huuacha unyevu utoke. Iloweke kwa wiki kadhaa, changanya kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga uliooshwa kwa maji ya bomba au ya kisima kisicho na chumvi, upige kwa tabaka zisizozidi sentimita moja, na uiweke ikiwa na unyevu kwa siku kadhaa. Mchanga wa ufukweni usitumike kamwe, na zege yenye nondo iliyo karibu na bahari iwe na tabaka la sentimita 4 hadi 5 la kuifunika nondo. Rangi ya nje iwe chokaa nyeupe, ambayo hurudisha jua na ni rahisi kuirudia.

Hatua ya 7: Kinga maji

Birika za nyumba za Lamu, yaani matangi ya maji yaliyojengwa, ziliwekewa samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu, jambo linaloonyesha kwamba kuhifadhi maji na kujikinga na mbu vilifikiriwa pamoja. Paa la meta za mraba 120, kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka na kwa kuhesabu asilimia 80 tu ya maji kuwa yanafika tangini, hukinga lita 96,000. Familia inayotumia lita 200 kwa siku huhitaji lita 73,000 kwa mwaka. Tatizo ni miezi mikavu: kwa siku 120 za kuanzia Juni utahitaji tangi la lita 24,000, na tangi la chini ya ardhi lililofunikwa vizuri ndilo linalofaa. Weka bomba la kumwaga maji ya kwanza ya kila mvua, kwa kuwa hubeba vumbi na chumvi ya paa. Shimo la maji taka liwe mbali na kisima, hasa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao hupitisha maji kwa urahisi.

Hatua ya 8: Sasa hesabu umeme

Ikiwa hatua zilizotangulia zimefuatwa, mahitaji yatakuwa madogo. Pangaboi tano za wati 60, zikifanya kazi saa nane kila siku, hutumia uniti 2.4. Taa kumi za LED za wati 8 kwa saa tano hutumia uniti 0.4, televisheni kiasi hicho hicho, friji ndogo takribani uniti 1, na pampu ya maji nusu uniti. Jumla haifiki uniti 5 kwa siku. Kiyoyozi kimoja kinachovuta kwa wastani wati 1,000 kwa saa nane hutumia uniti 8, yaani zaidi ya nyumba nzima. Kwa uniti 5, ukichukua saa tano za jua kamili kwa siku na kuondoa robo kwa upotevu, paneli za kilowati 1.5 zinatosha. Zielekeze kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, mvua iweze kuziosha, na boliti zote ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Kama familia ina mgonjwa au mzee anayehitaji chumba cha baridi, tenga chumba kimoja tu, kidogo, kinachozibika vizuri, upande wa kaskazini, na kiyoyozi kiwe humo. Anayejenga kwa mkopo au kwa wapangaji wanaotaka cheti cha jengo linalookoa nishati na maji anaweza kutumia mfumo wa EDGE wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, unaotaka nyumba ipunguze angalau asilimia 20 katika nishati, katika maji na katika athari za utengenezaji wa vifaa vya ujenzi, ikilinganishwa na nyumba ya kawaida ya eneo hilo.

Hatua ya 9: Pima baada ya kuhamia

Ning'iniza vipimajoto vitatu, kimoja barazani kivulini, kimoja sebuleni na kimoja chumba cha kulala, na uandike namba zake saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku kwa wiki mbili za Februari. Sebule ikiwa na joto kuliko baraza saa tisa alasiri, angalia dari na matundu ya paa kwanza. Chumba cha kulala kikiwa na joto kuliko baraza saa tatu usiku, kuna ukuta uliopigwa na jua alasiri, na unahitaji mti, jamvi la kuning'iniza au luva kabla ya msimu ujao. Kila mwaka kabla ya masika safisha mifereji ya paa, ondoa viota kwenye nyavu za upenu, na urudie chokaa kwenye kuta za nje na rangi nyeupe ya bati pale ilipofifia.